Niliitambua Tumbaku ya Mzee Rajabu

Tulikuwepo watu wanne. Shabani fundi cherehani, ambaye tulikuwa tumekaa barazani kwake. Mdogo wangu Hamisi. Mgeni mmoja aliyeteremka kutoka Bujumbura na kamyoneti, gari dogo la mizigo, akijiita mnunuzi wa tumbaku. Na mimi, mwenye kosa. Majina nimeyabadili, langu nimelificha kabisa. Kosa sijalibadili hata kidogo.

Ilikuwa Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka wa 1972.

Niwaeleze kwanza nilikuwa nani. Wazazi wetu walifariki mwaka wa uhuru, 1962, baba akatangulia, mama akamfuata kabla arobaini haijafika. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mkubwa wa watoto wanne. Niliacha shule nikiwa mwaka wa tano, nikaenda kijiji cha Gatete kuomba kazi kwa Mzee Rajabu, mkulima wa tumbaku. Aliniuliza tuko wangapi. Hakuniuliza jambo jingine. Alimgeukia mkewe akamwambia aongeze ugali wa watu wanne.

Yeye ndiye aliyenifundisha kukunja zile sigara nene za jani zima tunazoita sigare. Kila mkunjaji alifunga zake kwa uzi wa rangi yake, ili mnunuzi ajue ni za nani. Mimi sikuhitaji uzi. Mzee alinizoeza kuvuta nikiwa nimefumba macho, nitaje shamba, nitaje mkono uliokunja, nitaje majani yana siku ngapi. Miaka ikapita sikosei. Wenzangu walikuwa na vyeti, mimi nilikuwa na ulimi. Kiburi changu kilianzia hapo.

Mwaka ule watu walikuwa wakitafutwa na askari wa serikali, na aliyepatikana hakurudi. Wengi walivuka mpaka kwa mitumbwi kwenda Kigoma. Mzee Rajabu naye tuliambiwa amevuka, na miezi miwili ilikuwa imepita. Mkewe mwenyewe ndiye aliyetuambia. Niliamini, nikamwombea heri huko aliko.

Basi mchana ule mgeni akatoa mfukoni sigare moja isiyo na uzi. Alisema ameinunua sokoni Gatete, imempendeza, anataka nyingi, lakini muuzaji amekataa kumwambia imekunjwa na nani. Amesikia hapa kuna kijana anayejua. Kisha akanitazama miguu hadi kichwa, akacheka.

"Mutu hakumaliza shule, ataweza kusoma moshi?"

Shabani akasema tumbaku ni tumbaku, tuzungumze mengine. Mimi nikachukua kipande cha kitambaa cheusi mezani kwake, nikajifunga macho mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha!

Nikavuta mara ya kwanza, polepole. Nikapata moshi wa kokwa za michikichi, na wa Gatete ndio wanaokaushia tumbaku kwa kokwa. Mara ya pili nikapata utamu mdogo mwishoni mwa ulimi, wa urwarwa, ile pombe yetu ya ndizi. Katika mwambao wote ni mtu mmoja tu aliyenyunyizia majani yake urwarwa. Yeye mwenyewe hakunywa, lakini majani yake aliyanywesha. Mara ya tatu moshi ukanikwaruza koo, kama jani ambalo bado halijapumzika.

Nikasikia cherehani inasimama. Hamisi akakohoa, akanikanyaga mguu. Nilidhani ananitania kama kawaida yake, anataka nikosee mbele ya mgeni.

"Iko ya nani?" mgeni akauliza.

"Ya Mzee Rajabu," nikasema. "Na haina wiki tatu tangu ikunjwe."

"Una hakika?"

Hapo, ndugu zangu, mlango ulikuwa bado wazi. Ningeweza kusema nimechanganya. Ningeweza kutaja marehemu yeyote.

"Mimi sikosei," nikasema.

Nilipofungua kitambaa mgeni alikuwa ameshasimama. Hakuuliza bei. Alisema murakoze, yaani asante, akapanda kamyoneti, akashika njia ya Gatete. Ndipo akili iliponijia: mtu aliyevuka mpaka miezi miwili iliyopita hawezi kuwa amekunja sigare Gatete juzi juzi.

Hamisi alikuwa ameshaanza kukimbia. Hakuwahi. Mzee alikuwa amejificha katika kibanda cha kukaushia majani, akikunja ili mkewe apate cha kununulia unga, na uzi wake aliacha kuufunga ili asitambuliwe. Mgeni na askari walimchukua kabla ya alasiri. Hatukumwona tena. Mkewe akavuka mpaka na binti yao mdogo, Zaina.

Hamisi alirudi jioni, akakaa mbali nami. "Yaya," akasema, maana huku mdogo humwita hivyo mkubwa wake, "kwa nini haukukosea mara moja tu?"

Wiki ile ile naye akavuka. Nilimlea tangu akiwa na miaka sita. Hajaniandikia hata barua moja.

Watu wakasema msaliti ni Shabani, kwa kuwa mgeni alionekana barazani kwake. Wateja wakamkimbia. Nilimwendea nikamwambia nitasema ukweli. Yeye akaendelea kupima kitambaa chake.

"Ukisema, hao wadogo wawili waliobaki watalelewa na nani? Nyamaza. Wakikua, utasema."

Nikanyamaza. Wakakua. Mmoja akaoa, mwingine akaolewa. Mimi bado nimenyamaza. Shabani akafa akiitwa msaliti, na jeneza lake nililibeba kwa bega hili.

Miaka mingi baadaye Zaina alirudi kutoka Tanzania na watoto wake. Akanikuta nimelitunza shamba la baba yake, akaniita baba. Sasa kijana wake anataka kumwoa mjukuu wa Shabani. Zaina amekataa. Anasema damu ya aliyemuuza baba yake haiingii nyumbani mwake.

Mwezi uliopita waliniita nisuluhishe, kama mzee wa pande zote mbili. Yule mjukuu wa Shabani mwenyewe alinimiminia maji ya kunawa, akiniangalia kama mtu aliyebeba jibu. Nikasema tusiwe na haraka. Nikala, nikashukuru, nikaondoka. Mwoga mkubwa!

Ninyi mnaonisoma, mkijua jambo ambalo wengine hawalijui, msikimbilie kulionyesha. Mtazameni kwanza anayeuliza. Na mtu akikubebea aibu yako kwa muda, usimwache aingie nayo kaburini.

Hapa nimeweza kusema kwa sababu hamnijui. Zaina ananijua. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na leo pia sikwenda.