Nyumba Inayofunguka kwa Spana

Mjomba wangu, kaka yake mama, mtaa mzima ulimwita Bomoa, na sikumbuki aliyemwita kwa jina lingine akaitikiwa. Mkono wake ulikuwa mwepesi kupiga na mzito kuomba radhi. Kazi yake ilikuwa kubomoa majengo ya zamani, lakini ole wako umwambie anavunja. Angekukunja shati shingoni na kukusogeza hadi pua zenu zigusane.

"Mimi sivunji," angesema. "Nafungua."

Na kweli alifungua. Nyumba aliiendea kinyumenyume: kilichowekwa mwisho ndicho kitoke kwanza. Mabati, boriti, dari, fremu za milango na madirisha, ndipo ukuta, tofali la juu kabisa likitangulia. Kila kitu kilitoka kizima, kikapelekwa yadi, kikauzwa kwa anayejenga. Kibarua mmoja alipasua sinki kwa uvivu wa kutafuta spana. Mjomba alimtandika ngumi, jino likadondokea humo humo kwenye sinki. Dereva wa katapila naye aliwahi kuanza kusukuma jengo wakati madirisha bado yamo. Alivutwa kutoka kwenye kiti chake kwa ukosi, akapokea kipigo kilichomfanya akimbie na kuiacha mashine inanguruma peke yake. Sisemi Mjomba alifanya vyema. Nasema ndivyo alivyokuwa, na sisi tulimpenda huku tunamwogopa.

Adui yake mkubwa alikuwa saruji kali. "Tofali ukilibandika kwa saruji tupu umelizika," alisema. "Halitoki tena ila vipande." Mwenyewe alijengea chokaa na mchanga, saruji kidogo tu ya kushikilia, na mapaa yake aliyafunga kwa bolti badala ya misumari. Kwake matofali yalikuwa wapangaji tu, iko siku yatahama, na hakutaka yapate shida ya kufungasha. Watu walimcheka. Walimcheka akiwa mbali.

Baba yangu aliijua kazi hiyo kwa sababu alikuwa kibarua wa Mjomba kabla hajawa shemeji yake. Naye alikuwa mtu wa mkono, ila wake ulimtafuta mama tu. Siku aliyomvunja mama mkono kwa mpini wa beleshi, Mjomba alimfuata nyumbani, akafunga mlango kwa ndani. Baba alikojoa damu kwa siku kadhaa, na mama hakurudi tena kwake.

Mjomba na familia yake walibanana kwenye chumba kimoja, kwa hiyo alianza kumjengea dada yake vyumba viwili nyuma ya yadi. Matofali yalitoka kwenye ghala, madirisha yalitoka darasani, mlango ulitoka kwenye hoteli iliyofungwa na bado ulikuwa na namba ya chumba. Mama alikataa namba kufutwa. Alisema sasa yeye ni mgeni wa kulipiwa. Alikuwa hajacheka muda mrefu, na kicheko hicho kilinitoa machozi. Nyumba ile ikisimama, mama alikuwa na pake. Isiposimama, hakuwa na pa kwenda ila kule kwenye mpini wa beleshi.

Baba alikuja mchana, kuta zimekamilika, linta ya zege imekwisha kupandishwa juu ya mlango, paa bado. Mjomba alikuwa amefuata boriti kwa pikapu. Mimi na mama tulikuwa tunafagia. Baba alikuwa na nyundo kubwa begani na binamu zake wawili nyuma yake.

"Hii ndiyo nyumba?" alisema. "Mtu akipiga chafya inalala. Mwanamke, chukua nguo zako."

"Sitoki," mama alisema, na mkono wake mzima ukaokota mtarimbo.

Binamu mmoja alimpiga teke la tumbo, mtarimbo ukamtoka. Nilimrukia nikamuuma sikio hadi nikasikia chumvi mdomoni. Yule mwingine alinishika nywele, akanibamiza ukutani. Tuliburutwa nje wote wawili, mama akitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Baba akainua nyundo. Alijua ule ukuta umeshikiliwa na chokaa, alijua hautamsumbua, na katika kujua huko alisahau jambo la kwanza alilofundishwa. Hasira ilimpeleka chini. Alipiga kando ya mlango, usawa wa goti, mara mbili, tatu. Linta ikashuka na ukuta wote ukaifuata, juu yake.

Binamu zake walikimbia. Vumbi lilipotulia tuliona mguu mmoja tu na kiatu.

Majirani walifika, wakaushika ule mguu, wakaanza kuvuta. Ndipo Mjomba alipotokea. Hakuuliza kitu. Alimpiga wa kwanza begani kwa mpini wa nyundo, wa pili akamsukuma kifusini.

"Anayevuta mguu nitamvunja wake!" alifoka. "Mnataka linta imkate? La juu kwanza! Pokeeni, pangeni!"

Basi tukamfungua baba namna nyumba zinavyofunguliwa. Mjomba alitoa tofali la juu, akampa jirani, jirani akanipa mimi, mimi nikampa mama, mama akapanga. Mengi yalitoka mazima. Uso ukaonekana, mweupe kwa chokaa, mdomo umejaa damu. Linta ilikuwa imelala kifuani pake, upande mmoja umeegemea tofali moja lililosimama wima. Baba alifumbua macho, akamwona mama.

"We mwanamke," alisema, "nikitoka hapa nakuua."

Mjomba aliweka kiganja juu ya lile tofali la wima.

"Dada," alisema taratibu, "hili ndilo linalomshikilia. Mimi nimechoka kuamua kwa mikono yangu. Sema wewe."

Nilitaka aseme livutwe. Baba yangu mzazi, na nilitaka kwa moyo wangu wote. Mama alikuwa na tofali mkononi. Aliligeuza, akaling'oa donge la chokaa kwa ukucha, akaliweka tofali juu ya mengine.

"Mtoeni," alisema. "Amelalia matofali yangu."

Mjomba aliinyanyua linta kwa mtarimbo, tukamvuta baba. Alipiga kelele njia nzima hadi kwenye pikapu, miguu yake ikining'inia ovyo, na hajasimama juu yake tangu siku ile. Pikapu haijafika barabarani, mama alikuwa amekwisha kuinama pale alipokuwa kichwa cha baba. Tofali la pale lilikuwa na damu. Alilisugua kwa brashi ya waya mpaka likarudi rangi yake, kisha akampa Mjomba, akamwambia aanze na hilo.