Mgeni wa Mazoezi

Kazi ya Mtalii ilikuwa kupokelewa. Usicheke, ni kazi na ina jasho lake. Chuo cha hoteli kilihitaji mtu wa kujifunzia, kama fundi cherehani mwanafunzi anavyohitaji kitambaa, na kitambaa chenyewe kilikuwa yeye. Kila asubuhi aliingia mlangoni na sanduku tupu, vijana wakamlaki kwa tabasamu, wakambebea sanduku na kumuuliza habari za safari. Alikuwa ametoka mtaa wa pili. Akishaonyeshwa chumba, anashukuru, anatoka nje, anaingia tena.

Nyuma yake walisimama wakubwa watupu. Bodi ya utalii ilimlipa mshahara, wizara ilimpa kaptula na kofia pana, chama cha wenye hoteli kilitoa chai yake, na chama cha waongoza watalii kilimkabidhi kamera isiyo na betri. Kwa kuwa kila upande ulitoa kitu, kila upande ulimhesabu ni wake, na walishawahi kununiana kikaoni juu ya nani mwenye haki ya kumrekebishia kofia. Yeye hakuwa na neno. Mtaani ndiko walikombandika hilo jina la Mtalii. Mama yake, aliyeuza viatu vya mitumba sokoni na kuishi naye katika vyumba viwili, alimwona mtu mwenye bahati ya kulipwa kwa kukaa.

Balaa lilianzia mgongoni mwake. Mgongo ulimsumbua, basi wanafunzi wakajifunza kumwekea mto kwenye kiti. Lifti ilimtisha, wakajifunza kumpandisha kwa ngazi. Walipohitimu wakatawanyika nchi nzima na ujuzi wao huo. Wageni wa kweli, vijana wenye afya zao waliotoka ng'ambo kuja kupanda milima, wakawa wanawekewa mito mgongoni, wanasindikizwa kwa ngazi hadi ghorofa ya kumi, na asubuhi wanaulizwa kwa huruma mgongo umeamkaje. Malalamiko yakafika kwenye bodi, na mkurugenzi mpya, mwanamke asiye na mchezo, akaja juu.

"Huyu si mgeni tena!" alifoka pale chuoni. "Mmemzoea, naye kawazoea. Nchi nzima inamhudumia mtu mmoja!"

Palepale ikaamuliwa Mtalii apimwe ugeni. Hata chai hakumaliza. Angepelekwa sokoni, na wakaguzi kutoka kila upande wangemfuata, mkurugenzi mwenyewe akiwa mbele. Akionyesha tu kwamba anaijua sehemu, kazi basi. Umri ulikuwa umekwenda, na nani angemwajiri mtu ambaye ujuzi wake wote ni kukaribishwa?

Lakini tumpe haki yake, siku hiyo alikuwa mgeni haswa. Alipotea kwenye uchochoro aliozaliwa. Alilipiga picha bomba la maji. Kinyozi wake alimwita kwa sauti ya kumzibua masikio, naye akageuka kutazama mawingu. Aliuliza bei ya vitunguu, akatajiwa bei ya kuua, akashukuru, akalipa. Mkaguzi wa wenye hoteli alikuwa karibu kulia kwa furaha.

Ndipo zikaonekana meza za viatu. Mtalii alijaribu kugeuza njia, lakini mkaguzi wa waongoza watalii, kwa mazoea ya kazi, alishamshika kiwiko na kumwelekeza hukohuko.

"Wewe!" mama yake alisema, kiatu kimoja mkononi. "Mbona uko huku saa hizi? Wamekufukuza?"

"Samahani," Mtalii akajibu kwa ile sauti ya polepole ya chuoni. "Mimi mgeni hapa."

"Mgeni wa nani? Acha utani wako, jua kali hili. Umekula?"

"Sikufahamu, mama."

Mkurugenzi akasogea. "Mama, huyu unamjua?"

Mama alimkazia macho mwanawe. Mtalii akainua kamera, akajificha nyuma yake. Nasema wazi, hapo alinikera. Mama wa watu amesimama juani tangu alfajiri, na hata shikamoo hakumpa.

"Nilidhani ni mwanangu," mama alisema mwishowe. "Naona nimemfananisha."

Wakaguzi walipiga makofi katikati ya viatu. Mkurugenzi alimpa Mtalii mkono, akasema hajapata kuona mgeni aliyekamilika namna ile, na kwamba kazi ni yake mpaka astaafu. Wizara ikaahidi kaptula mpya.

Jioni alirudi nyumbani mbiombio, furaha na aibu zikigombania uso wake. Mama alikuwa mlangoni.

"Karibu, karibu sana," alisema, akampokea kofia.

Mtalii akacheka. Mama hakucheka. Alimkalisha kwenye kochi la watu wa heshima, lile lenye vitambaa, akampakulia kwenye sahani za kabatini ambazo tangu utoto alikatazwa kuzigusa. Alipoinuka kwenda kunawa, mama akamletea maji hapohapo alipo, akamnawisha bila kumtazama usoni.

"Mama, ile ilikuwa kazi tu," alisema. "Wangenifukuza. Tungekula nini?"

"Chakula kipo," mama akajibu kwa adabu zote. "Jisikie uko nyumbani."

Mtalii aliteremka kwenye kochi, akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Mama alimfutia kochi vumbi ambalo halikuwepo. Mtalii akarudia, "Mama, shikamoo." Mama akamsogezea sahani karibu, akamuuliza kama kesho angeondoka asubuhi, au angependa kupumzika hadi mchana.