Bi Kwachu na Chenga za Ulingoni

Bi Kwachu alipewa jina hilo na mabondia wenyewe, kwa mlio wa kamera yake. Kwachu, kwachu, kwachu, pembeni ya ulingo, miaka tisa sasa. Ni mwanamke mfupi, magoti yameota sugu kwa kuyapiga juu ya saruji, na jicho la kushoto hulifumba hata anapochagua nyanya. Kwenye klabu ile ya ngumi ya wasichana, kila picha iliyobandikwa ukutani ilitoka mkononi mwake.

Ubaya wa ukumbi ule ni giza. Zamani ulikuwa ghala. Madirisha yako juu, madogo kama ya choo, na taa zake zinawaka kivivu. Flashi ni marufuku, maana ikimulika usoni mwa bondia akafumba jicho, akilifumbua ngumi imeshafika. Kwa hiyo mpiga picha anabaki na lenzi yake, mkono wake, na ile namba ya kwenye kamera iitwayo ISO. Ukiipandisha, kamera inaona gizani. Lakini haioni bure: picha inaingia chenga, vijipunje vya rangi, kama mtu kaimwagia mchanga.

Chenga hizo Bi Kwachu alikuwa akiziogopa kama ukoma. Fundi aliyemfundisha kazi alimwambia, "ISO usivuke mia nane. Ukivuka umejitakia." Fundi alishafariki, amri yake ikabaki. Picha zikitoka nyeusi, Bi Kwachu alizichukua nyumbani akaziongezea mwanga kwenye kompyuta. Na chenga zilitoka vilevile, tele. Akailaumu kamera. "Imezeeka," alikuwa akisema. "Ngoja itoke mpya."

Hiyo mpya ilikuwa na msemaji wake, mwenye duka la kamera. "Dada yangu, inayokuja mwakani ni kiboko. Unampiga picha paka mweusi ndani ya kabati, halafu unamhesabu masharubu." Mwakani ikafika, kamera ikafika, mwenye duka akakuna kisogo. "Hii wameiboresha kidogo tu. Ila inayofuata, we acha."

Bi Kwachu alikuwa akiishi na mdogo wake, fundi cherehani, chumba na sebule. Huyo mdogo mtu ulimi wake haukuwa na mfupa.

"Dada, wewe na hiyo kamera ni wachumba wa barua. Miaka mitatu hujamwona hata uso."

"Subira huvuta heri."

"Yako imevuta mpaka kamba imekatika."

Jumatatu moja Katibu wa klabu akamwita ofisini. Katibu ni mtu wa maneno machache, kalamu mbili mfukoni, zote zinaandika. Akapanga picha tatu mezani.

"Bi Kwachu, sikufichi. Tunataka picha moja kubwa ya pale mlangoni, mita mbili kwa tatu. Hizi zako nikizikuza, wasichana wanakuwa kama wametoka kuugua ndui. Jumamosi kuna mapambano, saa nane mchana. Nipatie picha inayofaa. Nikikosa kwako, msimu huu natafuta mpiga picha mwingine."

Bi Kwachu alizikusanya picha zake tatu. Alitoka pale moja kwa moja hadi dukani.

"Ile mpya inatoka lini?"

"Wamesogeza mbele," mwenye duka alisema. "Miezi minne hivi. Lakini dada yangu, ikitoka..."

"Mimi nina siku tano," Bi Kwachu akamkata, akageuka.

Alhamisi mchana aliomba ufunguo wa ukumbi. Akaburuta gunia la mazoezi mpaka katikati ya ulingo, akalifunga glavu nyekundu kwa kamba, akapiga magoti. Picha ya kwanza aliipiga kwa mia nane, kama alivyolelewa. Ikatoka nyeusi ti. Ya pili akaipandisha namba hadi elfu sita na mia nne. Hakutegemea kitu. Alitaka tu aione hiyo jehanamu aliyotishiwa, aijue ilivyo.

Nyumbani akaziweka mbili hizo sambamba kwenye kioo cha kompyuta. Ile nyeusi akaiongezea mwanga mpaka zikalingana. Kisha akasogeza kiti.

Iliyopigwa kwa mia nane ndiyo iliyooza. Kwenye vivuli mlikuwa na mabaka ya zambarau, na wekundu wa glavu umegeuka kahawia. Ile ya elfu sita, upande wa kulia, ilikuwa na chenga, ndiyo, lakini laini, zimetulia kama unga uliochekechwa, na nyekundu yake ilikuwa nyekundu. Akadhani amezichanganya. Akarudia kuangalia namba. Hakuzichanganya.

Mdogo wake akainama begani kwake, sindano bado mdomoni. Akaitoa.

"Hii ya kulia mshono wa glavu unahesabika. Ndiyo umepigia kamera mpya?"

"Kamera ni hiihii."

"Sasa miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo nilikuwa naiziba macho, halafu naikaripia haioni."

Mdogo mtu akaichomeka sindano kolani, akaenda kuweka chai jikoni.

"Mpya ikija nitaipokea," Bi Kwachu akasema, kama anayeongea na kompyuta. "Ila sitaikalia kitako tena."

Ijumaa alishinda ukumbini. Alizunguka ulingo hatua kwa hatua, akipima mwanga kila pembe, akiandika kwenye kiganja. Kona nyekundu ilikuwa na mwanga unaoshuka kwa mshazari, unachonga shavu vizuri. Katikati mwanga ulikuwa umepooza. Kona ya bluu ilikuwa na kivuli kilichomsumbua hadi jua linatua.

Jumamosi ikafika, watu wakajaa, kengele ikalia. Kwachu, kwachu. Raundi ya kwanza akapiga kama mia hivi. Alipotupa jicho kwenye kioo cha kamera, akakuta zote nyeusi. Namba ilikuwa mia nane. Kidole gumba chenyewe, kwa mazoea, kilikuwa kimezungusha gurudumu la ISO bila kumuuliza mwenyewe.

Hakupoteza muda kujilaani. Akamfuata kocha pale kwenye kona, akachukua ile plasta wanayofungia mikono ya mabondia, akakata kipande kwa meno, akapandisha namba na kulibandika gurudumu plasta mara mbili.

"Umeumia?" kocha akauliza.

"Nimekifunga kidole chenye tabia mbaya."

Raundi ya tatu, msichana wa kona nyekundu alirusha ngumi ya kulia. Bi Kwachu alikuwa ameshapiga magoti mahali pake, pumzi ameibana. Kwachu. Mara moja tu.

Jumanne picha ikaja kutoka kwa wachapaji, imeviringishwa kama jamvi. Wakaitandaza ukutani ofisini. Katibu alivaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Chenga zipo," alisema.

"Zipo. Sijakuambia hazipo. Lakini hiyo si maandazi, Katibu, huwezi kuinusa. Mlangoni watu watapita hatua nne kutoka kwenye picha. Rudi nyuma."

Katibu akarudi nyuma, hatua, hatua, mpaka mgongo ukagonga mlango. Akabaki pale. Msichana alikuwa amekuja mzima mzima, jasho limemruka kutoka kwenye nywele kama shanga zilizokatika uzi, na macho yake hayakuwa na woga wala hasira, yalikuwa na kazi tu.

"Hapepesi huyu," Katibu akasema taratibu.

"Hakupepesa."

Katibu akavua miwani, akaifuta, akachomoa kalamu moja na kufungua daftari la msimu.

"Mapambano ya pili ni Jumamosi ijayo. Saa nane."

"Mimi nitafika saa sita," Bi Kwachu akasema, akiwa tayari anavaa mkoba wake. "Ile kona ya bluu bado sijamalizana nayo."