Vumbi la Mbao Chini ya Kipima Kina

Aliyeniponza ni nyapara. Jina lake silitaji, lakini cheo chake nakitaja, na waliofanya kazi nasi pale Dagoretti Corner watamjua.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Karakana yetu ilitengeneza vitanda na makabati, na mara mojamoja mashua ndogo za faiba za wenye nafasi waliokwenda kuvua Naivasha. Mimi niliishia darasa la tatu. Kazi yangu ilikuwa kupiga msasa na kushika nilichoambiwa nishike.

Mzungu mmoja wa Kitisuru alileta kipima kina tumfungie katika mashua yake mpya. Kilikuwa kisahani chenye taa nyekundu inayozunguka, na waya uliokwenda kwenye kidude cheusi, duara kama kopo la rangi ya viatu. Hatukutoboa tundu. Kidude kiligandishwa ndani, sakafuni mwa mashua, kitume sauti kupitia faiba mpaka chini ya maji, irudi, na taa iwake kwenye futi zake. Nyapara akaiona gundi nyepesi mno. Akaniambia nitie vumbi la mbao, kama kwenye maungio ya vitanda. Nikatia. Ndivyo sote tulivyoijua gundi.

Mashua ilikwenda Naivasha ikarudi. Taa iliwaka kwenye sifuri tu. Mzungu akaja juu, na nyapara, bila kupepesa jicho, akamwambia tajiri wetu kwamba mimi nilikiangusha kidude. Tajiri akasema kitapimwa, na kikiwa kimekufa nisirudi kazini. Mke wangu alikuwa na wiki tatu tangu atoke nyumbani Kakamega. Chumba chetu cha Riruta kilitegemea mikono hii.

Akaitwa fundi wa redio, Singasinga mzee mwenye duka kule River Road. Tulikutana Kitisuru kwa sababu mzungu alikuwa na bwawa la kuogelea, na mashua tukaiteremsha humo wanaume sita. Mpishi wake alituuliza dirishani kama tumepotea njia ya ziwani Kisumu.

Nyapara alimwambia mzee asijichoshe, kitu imeanguka. Mzee aliwasha kisahani, akaingia mashuani, akainama na kuweka sikio juu ya kidude, kisha akaniita niweke langu. Nikasikia tik, tik, tik, kama saa iliyofunikwa blanketi.

"Iko sema," akaniambia. "Kitu nakufa hapana sema. Sasa tafuta nani nafunga yeye mdomo."

Akanipa patasi. Niligonga polepole, na kidude kikabanduka kizima. Gundi iliyokuwa chini yake ilikuwa na vitundu kama mkate. Mzee akavunja kipande, akakisugua kwa vidole, akakinusa. "Hii mbao," akasema. "Mbao nashika hewa. Sauti nafika hapa, narudi."

Nikakwangua mpaka faiba ikabaki tupu. Mzee akajaza maji katika mfuko wa nailoni, akauweka pale ili pasibaki hewa, nami nikakikandamiza kidude juu yake. Taa ikahangaika kidogo, kisha ikatulia karibu na futi tisa. Ukingoni mwa bwawa, upande ule, palikuwa pameandikwa tisa.

Tajiri akauliza ni nani aliyetia mbao kwenye gundi.

"Mimi," nikasema. "Huyu aliniamuru."

"Tulikosea sote, tajiri," nyapara akasema. Sote! Nilipoangusha nilikuwa peke yangu; alipoamuru tukawa sote. Yeye hakufukuzwa, wala hakuniomba radhi mpaka leo.

Tajiri akaniambia niwe kazini kesho saa moja. Mzee akanielekeza nitie gundi tupu, niikoroge taratibu, kisha nikizungushe kidude huku nakikandamiza mpaka mapovu yatoke pembeni. Baadaye nilifunga vingine vingi hivyohivyo, na hakuna kilichorudi.

Uchungu wa nyapara ninao bado, sidanganyi. Lakini ninapoikumbuka siku ile namkumbuka mzee kwanza. Patasi ilikuwa yake, na angekibandua kidude mwenyewe kwa dakika mbili. Alinipa mimi, mbele ya tajiri, mbele ya yule aliyesema naangusha vitu.