Funda la Kwanza la Elisante

Watu wa Marangu nawajua kwa ubishi, na Elisante aliwazidi wote. Kule Al Qusais, Dubai, tulikolala sita chumba kimoja, yeye peke yake alikuwa na daftari la mvinyo. Miaka mitatu alibeba sahani kwenye mgahawa wa hoteli moja ya Bur Dubai, nami nikiwa baa, na miaka yote hiyo alitaka jambo moja tu: kuwa mhudumu wa mvinyo. Akirudi zamu, anasoma. Mimi nilimcheka, nikamwambia zabibu zenyewe hajawahi kuziona zikiwa shambani.

"Nazijua ndizi," akanijibu. "Pombe ni pombe, kaka."

Mwaka 2006 msimamizi wetu, Madam Damaris, Mkenya wa Machakos asiyetabasamu kazini, alikubali kumjaribu. Mchana mmoja, meza moja, chupa moja. Akiharibu, anarudi kwenye sahani na habari hiyo isizungumzwe tena.

Meza ilikuwa ya bibi mmoja Mreno aliyekuja kula peke yake. Alipitisha kidole kwenye orodha, akasimama mahali ambapo hakuna mgeni aliyewahi kusimama: mvinyo mweupe wa kwao, wa zabibu iitwayo Encruzado. Hata sisi wa baa chupa hiyo tulikuwa tukiisogeza tu tunapotafuta nyingine.

Elisante alifungua vizuri, kizibo kikatoka bila kelele. Akamimina kidogo. Halafu, mimi nikiona kwa macho yangu, akainua glasi ya mgeni akanywa yeye.

Nikasema moyoni, kwisha habari yake.

Alishtuka mwenyewe, glasi ingali mkononi. Kwao Marangu, anayekukaribisha mbege, ile pombe ya ndizi, huonja kwanza mbele yako, ili ujue haina sumu. Tangu utotoni alimwona baba yake akifanya hivyo kila alipoingia mgeni, na kwa ile hofu ya siku hiyo mkono ulikwenda wenyewe.

Madam Damaris alikuwa ameshafika. Bibi akamzuia kwa kiganja.

"Kwa nini umekunywa mvinyo wangu?" akamuuliza Elisante.

Akaeleza yote. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Haya niambie, mvinyo una sumu?"

"Hauna, madam. Ila tumeupoza kupita kiasi. Tukiutoa kwenye barafu dakika kumi, utaanza kunukia."

Damaris alifumba macho. Kumwambia mgeni kwamba hoteli imekosea! Elisante akaleta glasi safi, akaitoa chupa kwenye ndoo ya barafu, wakasubiri. Mimi dakika zote kumi nilikuwa nafuta glasi moja ile ile.

Bibi alinusa, akanywa. "Marehemu mume wangu alikuwa akiutoa kwenye barafu hivi hivi," alisema, "nami nikimgombeza." Akanyoosha glasi aongezewe.

Nyuma ya jikoni Damaris alimshika shati. "Wewe Elisante! Karibu nizimie, aki. Khalas, yameisha, kesho unaanza. Lakini ukigusa tena glasi ya mgeni, nakurudisha kwa sahani." Akachukua glasi ndogo kwenye rafu yangu, akamkabidhi. "Onja na hii. Ni yako."

Ijumaa alimpigia simu baba yake, akaiweka sauti ya juu chumba kizima tusikie. Alisimulia kila kitu, hata kizibo. Mzee aliuliza jambo moja tu: nani alikunywa kwanza?

"Mimi, baba."

"Basi huko nako umeshakuwa mwenyeji."

Mimi nilikuwa nimejilaza kitanda cha juu. Nilikuwa na miaka saba Dubai, na hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Wivu ulinichoma kidogo, sikatai, lakini nilishuka nikamkumbatia.