Mbegu za Muhogo Alizomnyima Wifi

Mwanapili hakuwahi kumnyima mtu mbegu ya muhogo. Kule kwao Msambweni mbegu haiuzwi: mwenye shamba hukata vijiti, huvifunga, humpa aliyeomba. Anayenyima husemwa hadi matangani.

Msimu uliopita shamba lake zima lilikuwa muhogo wa kibandameno. Wakaangaji wa Ukunda hawakutaka mwingine, kwa utamu wake, naye akang'oa aina zote za zamani. Aliacha mashina machache tu ya muhogo mchungu wa unga, kando ya choo. Alipoanza kuvuna, majani yalionekana mazima, lakini kila muhogo aliokata ulikuwa na madoa ya kahawia ndani, makavu na magumu.

Bibi shamba, Beryl, alikuja, akachimbua ule mchungu na kuukata. Mweupe pe.

"Mbona udongo ni ule ule, na inzi weupe wanaoeneza ugonjwa ni wale wale?" Mwanapili aliuliza.

"Uzao si mmoja, mama. Huu umerithi kinga katika vinasaba vyake. Kibandameno haukuirithi. Ungechanganya aina, ungeokoa kitu. Sasa choma miti yote, usimpe mtu hata kijiti. Ugonjwa husafiri ndani ya mbegu."

Kabla hajaichoma, wifi yake Fauzia alifika na kamba mkononi.

"Hodi, wifi! Nimefuata mbegu zangu."

"Karibu. Lakini mbegu sina, Fauzia. Zinaumwa."

Fauzia aliyatazama yale majani mabichi, akacheka. "Zinaumwa? Zimepimwa damu?"

Mwanapili alikata muhogo, akamwonyesha.

"Huo mmoja umeoza. Mimi nataka miti."

"Basi chukua ule mchungu."

"Wa chooni! Wanangu niwalishe sumu? Sema tu umepata wateja wakubwa, sisi hututaki tena."

Angeweza kumpa. Wengi wangempa, wakauita woga wao wema, na shamba la pili likaoza kwa sababu ya kuona haya. Mwanapili aliirundika ile miti, akaiwekea makuti makavu, akawasha moto, Fauzia akiwa bado amesimama na kamba yake.

Mavuno ya msimu ule yalipotea yote. Binti wa Fauzia, ambaye Mwanapili alimlea tangu anatambaa, aliolewa baada ya mfungo, na Mwanapili hakualikwa.