Mwenye Shamba

Mtandao wetu wa mashirika ya haki za binadamu ulinituma kutoka Korogwe hadi Kwamsisi, kuchunguza ugomvi wa wakulima na wafugaji. Nilikuta wanaume wakimpiga mfugaji kwa marungu, damu ikimtoka sikioni, kwa sababu ng'ombe wake walikula mahindi.

Mama mwenye shamba alijitupa juu yake.

“Mwacheni! Mahindi ni yangu!”

Rungu likashuka, likamvunja mkono. Wanaume wakatawanyika.

Tukiwa kwenye gari kwenda hospitali, nilimuuliza, “Mama, nani aliyekuvunja mkono?”

“Mwanangu.”

Nikainua kalamu kutoka kwenye daftari.

“Andika, baba. Angeua mtu.”

Niliandika. Mfugaji alipona, ila sikio moja halisikii. Mahakamani, mama ndiye aliyetoa ushahidi kwanza.